Texas au Minnesota: Kesi ya Talaka Ifunguliwe Wapi?

Mume anaendesha lori la masafa marefu, na anwani yake iko Dallas. Mke anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, na watoto wawili wako kwake. Walifunga ndoa Nakuru miaka 12 iliyopita, wakaja kuanza maisha Minnesota, kisha mume akafuata malori Texas ambako jimbo halikati kodi ya mshahara. Umbali ukamalizia kilichobaki. Watu hawa nimewakuta kwa sura nyingi katika miaka niliyokaa kati ya wakili na mteja nikitafsiri, na swali lao la kwanza huwa lilelile: "Dada, sheria ya talaka ya Marekani inasemaje?"

Sheria hiyo haipo. Ndoa, talaka, malezi ya watoto na mgawanyo wa mali ni mambo ya jimbo, na majimbo yako 50. Sisi tuliozoea Bunge moja kutunga Sheria ya Ndoa, ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 au ile ya Kenya ya mwaka 2014, jambo hili huchelewa kutuingia kichwani. Serikali kuu ya Washington imeshika uhamiaji na kodi zake. Habari za nani alale na watoto Krismasi na nani abaki na gari zinaamuliwa na jaji wa kaunti kwa sheria zilizotungwa Austin, mji mkuu wa Texas, au Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota.

Mtu ambaye yeye na mwenzake wanaishi jimbo moja hana cha kuchagua. Wenye nafasi ya kuchagua ni kama hawa wawili, na wale wanaofunga mizigo kuhama huku ndoa inayumba. Nimechukua Texas na Minnesota kwa sababu huko wako watu wetu wengi, na kwa sababu majimbo haya yanapishana kweli kweli. Mimi ni mkalimani, si wakili. Chukua haya uyapeleke kwa wakili ukiwa tayari unajua la kumuuliza.

Mlango gani uko wazi

Texas inataka mmoja wenu awe amekaa jimboni miezi 6 na kwenye kaunti anayofungulia kesi siku 90. Minnesota inataka mmoja wenu awe mkaazi kwa siku 180. Kwa hiyo dereva wetu anaweza kwenda mahakamani Dallas leo, na mkewe anaweza kwenda Minneapolis leo. Lori kulala Oklahoma na Arkansas hakumwondolei ukaazi wake. Kinachoangaliwa ni makao anayorudi, leseni, mkataba wa nyumba na mengineyo ya namna hiyo.

Hapo ndipo wanaume wengi hukimbilia kusema, "Basi nafungua mimi kwanza." Ngoja. Kumaliza ndoa ni jambo moja, na kuamua mali na watoto ni mengine. Mahakama ya Texas inaweza kutamka kwamba ndoa imekwisha hata kama mke hajawahi kukanyaga Texas. Lakini ili imwamuru mke huyo alipe, agawe au aachie kitu, lazima iwe na mamlaka juu yake mwenyewe, na kwa mtu ambaye hajawahi kuishi huko mamlaka hayo kwa kawaida haina. Unaweza kutoka Dallas na karatasi ya talaka mkononi, halafu kila kitu kingine kikabaki kinaning'inia.

Watoto wana kanuni yao. Majimbo karibu yote, haya mawili yakiwemo, yamepitisha sheria inayofanana kuhusu jimbo la nyumbani la mtoto: ni pale mtoto alipoishi na mzazi miezi 6 mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Watoto wetu wako Brooklyn Park, wanasoma huko. Jaji wa Dallas hatagusa malezi yao.

Kanuni hiyohiyo huwakata kina mama wanaohama. Mama anaondoka Houston na watoto mwezi wa tatu, anafikia kwa dada yake Minneapolis, mwezi wa sita anafungua kesi ya malezi. Baba bado yuko Houston. Kesi itarudishwa Texas, kwa sababu miezi 6 haijatimia na mzazi mmoja bado anaishi kule. Aliyekimbia kipigo ana nafuu: Minnesota inaweza kutoa amri ya dharura ya kumlinda yeye na watoto hata kama ameingia jana. Ni amri ya muda, lakini inampa pumzi.

Kama hamkufunga ndoa

Wakenya wanaita kuja-tukae, Watanzania wanasema kuishi kinyumba, na kwenye Sheria ya Ndoa ya Tanzania kuna ile dhana ya ndoa baada ya miaka 2 ya kuishi pamoja. Watu huja na hesabu hiyo ya miaka kichwani. Haina kazi katika jimbo lolote kati ya haya.

Texas haihesabu miaka kabisa. Inauliza mambo matatu: mlikubaliana kuwa mume na mke? Mliishi pamoja Texas mkiwa hivyo? Mlijitambulisha hivyo mbele ya watu? Yakikutana matatu, mmeoana, hata kama ni miezi minane tu na hakuna mchungaji wala shehe aliyehusika. Hebu fikiria sisi tunavyoongea. Mwanamume anasimama kwenye harambee anasema "mke wangu atawasalimu." Wanajaza fomu ya kodi kama wanandoa ili warudishiwe zaidi. Anamwandika kwenye bima ya kazini kama mke. Kila kimoja ni ushahidi, na kuvunja uhusiano huo kunataka talaka kamili mahakamani. Mkitengana na miaka 2 ikapita bila mtu kufungua shauri, sheria inaanza kuchukulia kwamba hamkuwa na makubaliano ya ndoa, ingawa dhana hiyo nayo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Minnesota ilifunga mlango huo tarehe 26 Aprili 1941. Ishini pamoja miaka 15, zaeni watoto watano, jengeni nyumba. Bila cheti nyinyi si wanandoa, na mwanamke ambaye jina lake haliko kwenye hati ya nyumba anaanza kesi ngumu ya kuthibitisha alichochangia. Kama ndoa ya aina ile ilipatikana kihalali Texas, Minnesota itaiheshimu mkihamia huko.

Ndoa za nyumbani zinahukumiwa kwa kanuni iliyo rahisi kuisema: iliyokuwa halali pale ilipofungwa ni halali hapa. Taabu iko kwenye ushahidi, hasa ndoa za kimila ambazo mahari ilitolewa, mbuzi wakachinjwa, na hakuna karatasi. Sheria ya Kenya ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe; ukiwa na cheti hicho unaokoa miezi ya mabishano. Ndoa ya pili haivuki bahari. Kama ulikuwa na mke Bungoma ambaye hamjaachana kisheria, ndoa uliyofunga Dallas ni batili, na huko kuna wanawake wanaoligundua hilo siku ya kudai talaka. Texas inaruhusu ndoa hiyo ipate uhai kama ile ya kwanza itavunjwa na ninyi mkaendelea kuishi kama mume na mke. Minnesota ina kifungu cha kumlinda aliyeolewa kwa nia safi bila kujua, naye anaweza kudai haki kana kwamba alikuwa mke.

Na talaka ya msikitini, hata ikiandikwa na imamu mwenye muhuri, haivunji ndoa ya kiserikali katika jimbo lolote. Dada zetu wengi wamekaa eda, wakaolewa tena, na kwenye daftari la kaunti bado ni wake za watu.

Mali, na ile nyumba ya kule nyumbani

Hapa ndipo muda mwingi wa wakili unakokwenda, kwa hiyo nami nitakaa.

Texas ni jimbo la mali ya pamoja. Kila senti iliyochumwa na yeyote kati yenu tangu siku ya ndoa hadi siku ya hukumu ni ya wote wawili, haijalishi jina la nani liko kwenye akaunti. Urithi, zawadi na ulichokuwa nacho kabla ya ndoa vinabaki vyako, lakini wewe ndiwe wa kuthibitisha, na kiwango cha ushahidi kinachotakiwa ni kikubwa kuliko cha kesi za kawaida za madai. Watu husikia "mali ya pamoja" wakadhani ni nusu kwa nusu. California ndiyo nusu kwa nusu. Texas inasema jaji agawe kwa namna iliyo ya haki, na jaji anaweza kumpa mmoja zaidi kwa sababu ya tofauti ya kipato, watoto, au makosa ya mwenzake. Uzinzi na ukatili bado ni sababu za talaka Texas, na vinaweza kuonekana kwenye mgawanyo.

Minnesota nayo inagawa kwa haki bila kulazimisha nusu, na inachukulia kwamba kila mmoja alichangia, hata aliyebaki nyumbani akipika na kulea. Tofauti kubwa ni kwamba mwenendo mbaya haumo kwenye hesabu. Tangu miaka ya 1970 Minnesota haimuulizi mtu nani alikosa. Inatosha ndoa kuwa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Nimeona watu wakifika na simu iliyojaa picha za ujumbe wa mapenzi wa mwenzao, wameshazipanga kwa tarehe, na wakili anawaambia kwa upole wazifunge. Ukiwa na simu ya namna hiyo, Texas itakusikiliza zaidi.

Halafu kuna suala la kutengana. Dereva wetu yuko Dallas miaka mitatu peke yake, amenunua nyumba ndogo kwa jasho lake, na anaamini ni yake. Texas haina utengano wa kisheria. Mpaka hukumu itoke, mshahara wake na nyumba hiyo ni mali ya ndoa. Minnesota utengano wa kisheria upo, kwa kesi yake na hukumu yake, lakini kuishi mbali tu bila kwenda mahakamani hakusimamishi lolote. Angekuwa California, alichochuma baada ya siku waliyotengana kweli kingekuwa chake. Majimbo matatu, na mtu ni yuleyule na nyumba ni ileile.

Sasa nyumbani. Tuseme mume alijenga nyumba ya kupangisha Kitengela, kaunti ya Kajiado, Kenya, kabla ya kuoa. Texas itasema nyumba ni yake peke yake akiweza kuonyesha, lakini kodi ya wapangaji iliyoingia wakiwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Hilo huwashangaza hata mawakili waliotoka majimbo mengine. Na kuonyesha kwenyewe ni kazi: fundi alilipwa taslimu, saruji ilinunuliwa na mjomba, hati bado ina jina la aliyeuza. Tafuta mkataba wa mauziano, taarifa za benki, ujumbe wa M-Pesa, chochote chenye tarehe. Jaji wa Texas au Minnesota hawezi kubadilisha hatimiliki ya Kajiado, lakini anaweza kuihesabu thamani yake na kumfidia mwenzako kutoka kwenye kilichoko hapa. Ploti iliyoandikwa jina la kaka haijifichi vizuri kama tunavyofikiri. Orodha ya mali unaiapia, na swali la kwanza litakuwa nani alituma pesa.

Pesa za kutuma nyumbani ndizo huleta machozi. Karo ya mdogo wako, hospitali ya mama, paa la kanisa la kijijini. Texas mwenzako anaweza kudai kwamba ulifuja mali ya ndoa, na mahakama ikithibitisha, kiasi kile kinarudishwa kwenye hesabu kana kwamba bado kipo, kikawekwa upande wako. Minnesota ina kanuni inayofanana, lakini inalenga zaidi mali iliyopotezwa wakati talaka inaendelea au inanukia, na matumizi ya kawaida ya maisha inayaacha. Kwa familia iliyokuwa ikituma dola 300 kila mwezi miaka yote, huo ndio utaratibu wa kawaida na unatetewa vizuri kwa taarifa za zamani. Aliyeruka kutoka 300 hadi 3,000 mwezi mmoja kabla ya kufungua kesi ajiandae kueleza.

Mahari iliyokwisha kutolewa kwa wazazi haigawanywi. Mahari ya Kiislamu iliyoahirishwa, ile iliyoandikwa kwenye cheti cha nikahi, majaji wa Marekani wameiangalia kwa namna tofauti: wengine kama mkataba wa kawaida, wengine wakaikataa kwa kuwa maneno yake hayakueleweka. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa sarafu inayojulikana.

Matunzo ya mke au mume

Texas ni mkono wa birika. Kwa kawaida ndoa iwe imefikisha miaka 10 na anayeomba asiwe na uwezo wa kujitosheleza mahitaji ya chini. Akipata, upeo ni dola 5,000 kwa mwezi au asilimia 20 ya kipato ghafi cha mwenzake, kilicho kidogo kati ya hivyo. Ndoa ya miaka 10 hadi 20 huleta matunzo ya miaka 5 kwa upeo. Zipo njia nyingine: ulemavu, mtoto mwenye ulemavu, au mwenza aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa kifamilia, na hii ya mwisho haijali umri wa ndoa.

Minnesota ilirekebisha sheria yake, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2024. Ndoa chini ya miaka 5, dhana ni kwamba hakuna matunzo. Kati ya 5 na 20, matunzo ya mpito yasiyozidi nusu ya umri wa ndoa. Miaka 20 na kuendelea, bila kikomo kilichopangwa. Mke wetu mwenye ndoa ya miaka 12 angeweza kuomba hadi miaka 6 Minnesota. Texas angeulizwa kwanza kama mshahara wake wa kutunza wazee unamtosha kula na kulala, na kwa kuwa anafanya shifti mbili, jibu huenda likamwangusha. Bidii yake inamgeukia. Sijaipenda sheria hiyo tangu siku ya kwanza nilipoitafsiri.

Watoto

Texas inaanza na dhana kwamba wazazi wote wawili wawe walezi wa pamoja kisheria, na mmoja ndiye anaamua mtoto alale wapi. Mwingine anapata ratiba iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe: wikendi ya kwanza, ya tatu na ya tano ya mwezi, Alhamisi jioni wakati wa shule, siku 30 za kiangazi, na sikukuu kwa kupokezana, wazazi wanaoishi karibu na karibu hupata muda mrefu zaidi ya huo. Ni ratiba ngumu kama reli, lakini huna haja ya kubishania kila Ijumaa. Minnesota haina ratiba ya namna hiyo. Inachukulia kwamba kila mzazi anastahili angalau asilimia 25 ya muda wa mtoto, kisha inawaachia mpange, na kaunti nyingi zina utaratibu wa kukaa mapema na watathmini wawili, mwanamke na mwanamume, wanaowasikiliza na kuwaambia bila kupamba jinsi kesi yenu ingeishia. Kwa watu waliokulia kwenye vikao vya wazee, huu ndio utaratibu unaofanana na kwetu. Wengi humalizia hapo.

Baba asiye na ndoa aliyeko Minnesota asome hili mara mbili. Kutia sahihi fomu ya kumtambua mtoto hospitalini kunamfanya baba kisheria, na anaweza kudaiwa matunzo, lakini malezi yote yanabaki kwa mama mpaka mahakama iamue vingine. Wapo waliojua hilo siku mama alipohama na mtoto.

Kwenye matunzo ya mtoto, Texas inakata asilimia kutoka kwenye kipato cha mzazi asiyekaa na mtoto baada ya makato yaliyotajwa kisheria: 20 kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 30 kwa watatu, 35 kwa wanne. Dereva anayebaki na dola 6,000 kwa mwezi atalipa 1,500 kwa watoto wawili. Mshahara wa mama hauingii kwenye fomula hiyo, na saa za ziada za baba zinaingia. Asilimia hizo zinakwenda hadi dola 11,700 za kipato cha mwezi, kiwango kilichopandishwa tarehe 1 Septemba 2025. Minnesota inajumlisha vipato vya wote wawili, inatafuta kwenye jedwali gharama ya kumlea mtoto, kisha kila mmoja anabeba fungu lake. Idadi ya usiku mtoto anaolala kwako inapunguza deni, na bima ya afya na malipo ya kulelewa mtoto wakati wa kazi yanahesabiwa pembeni. Kuna hata kifungu kinachoweza, kwa masharti, kuacha nje kazi ya ziada uliyoanza baada ya kesi kufunguliwa, na anayebeba shifti tatu ili amlipe wakili atakiona cha maana.

Texas malipo yanaisha mtoto akifika miaka 18 au akimaliza sekondari, kinachochelewa zaidi. Minnesota ni 18, au hadi 20 kama bado yuko sekondari. Mwenye ndugu New York amwambie huko ni 21.

Kusafiri na watoto kwenda nyumbani kunawasumbua wote. Pasipoti ya Marekani ya mtoto aliye chini ya miaka 16 inataka ridhaa ya wazazi wote wawili, popote mlipo. Na kuhama jimbo na mtoto baada ya hukumu, Minnesota inataka ridhaa ya mwenzako au ruhusa ya mahakama, huku hukumu za Texas mara nyingi zikimfunga mtoto ndani ya kaunti fulani na zile zinazopakana nayo.

Siku, ada na mkalimani

Texas kuna siku 60 za kungoja tangu kufungua kesi, isipokuwa penye ukatili wa kifamilia uliothibitishwa, na baada ya hukumu husubiri siku 30 kabla ya kuoa au kuolewa na mtu mwingine. Minnesota haina siku za lazima za kungoja, na wenye ndoa chini ya miaka 8, bila watoto, bila nyumba na wenye mali na madeni kidogo, wana njia fupi ya makaratasi. California, kwa kulinganisha, inakungojesha miezi 6.

Ada ya kufungua kesi inapita dola 300 kote, na kote unaweza kuomba usamehewe kama huna. TexasLawHelp.org na LawHelpMN.org zina fomu na maelezo ya bure. Mkalimani wa mahakamani Minnesota analipwa na mahakama. Texas, kwenye kesi za namna hii, uliza karani mapema nani atalipa, maana kaunti hazifanani. Na usimlete mtoto wako wa miaka 13 akutafsirie talaka ya baba yake. Nimeshuhudia, na sitaki tena.

Kisichobadilika popote

Uhamiaji hauangalii jimbo. Aliyemdhamini mwenzake kwa fomu ya I-864 anabaki na deni la kuhakikisha hashuki chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na talaka haiondoi deni hilo. Linaisha mdhaminiwa akipata uraia, akifikisha robo 40 za kazi (robo ni miezi mitatu, jumla kama miaka 10), akiondoka Marekani moja kwa moja, au mmoja akifa. Mwenye kadi ya kijani ya masharti, ile ya miaka 2, anaweza kuomba kuondolewa masharti peke yake baada ya talaka, akionyesha ndoa ilikuwa ya kweli. Anayepigwa na mwenza raia au mwenye kadi ya kijani anaweza kujiombea mwenyewe bila huyo mwenza kujua, kwa hiyo tishio la "nitakurudisha kwenu" lisikufunge. Simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani, 1-800-799-7233, ina wakalimani.

Ningemwambia nani aende wapi

Mke wa Brooklyn Park afungue Minneapolis, na asichelewe. Watoto wako huko, matunzo yake yana nafasi, na kwa kuwa mume aliwahi kuishi naye na watoto Minnesota, mahakama ya huko ina mkono wa kumfikia Dallas. Kama mume hangewahi kuishi Minnesota, ningesema vingine: matunzo ya watoto yangebidi yafuatwe Texas, kwa asilimia za Texas.

Mume naye, nikimwambia ukweli, Dallas inampa kidogo kuliko anavyodhani. Ratiba ya wikendi za kwanza na za tatu haimfai mtu anayekaa barabarani, ilhali Minnesota anaweza kupatana siku zinazofuata safari zake, na matunzo yatazingatia kwamba mama naye anapata mshahara. Anachokwepa kwa kwenda Texas ni matunzo ya mke, na hata hilo atalikwepa tu kama mke atalala.

Kwa ambaye watoto wamekua, mali yote iko Texas na ana ushahidi wa ukatili au uzinzi, Texas. Kwa aliyeishi na mtu bila cheti Houston miaka mingi, Texas, tena kabla ya ile miaka 2 kupita. Kwa aliyeishi hivyo Saint Paul, talaka hahitaji. Anahitaji wakili wa mali.

Na kama bahasha ya Dallas imeshagonga mlango wa Brooklyn Park kabla hujaamua, hesabu siku. Texas inataka majibu kufikia saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita tangu ukabidhiwe. Kwenye karatasi imeandikwa 10:00, na nimekutana na mtu aliyeisoma "saa kumi" akafika alasiri. Ukijibu kwa barua ya kawaida ya kueleza upande wako, umejiweka chini ya mamlaka ya Texas kwa mkono wako mwenyewe. Kitu cha kwanza kabisa kuingia kwenye faili, kabla ya neno lingine lolote, kiwe pingamizi kwamba mahakama hiyo haina mamlaka juu yako. Mpigie wakili wa Texas siku hiyohiyo bahasha ilipofika.